Gogo la Saint-Cergue: Mvutano wa Moscow na NATO uliodumu miaka kumi

Tarehe 16 Julai 1982 wanaume wawili waliteremka kwa miguu kwenye njia ya msitu katika milima ya Jura, karibu na kijiji cha Saint-Cergue, Uswisi, si mbali na mpaka wa Ufaransa. Mmoja alikuwa Paul Nitze, Mmarekani wa miaka 75 ambaye kwa miongo mitatu alijulikana Washington kama mtu asiyewalegezea Wasovieti hata kidogo. Mwenzake alikuwa Yuli Kvitsinsky, mwanadiplomasia wa Kisovieti wa miaka 45, bingwa wa masuala ya Ujerumani. Wote wawili walikuwa wakuu wa ujumbe wa nchi zao katika mazungumzo ya Geneva kuhusu makombora ya nyuklia ya masafa ya kati barani Ulaya. Mazungumzo yalikuwa yamekwama. Kila kikao upande mmoja ulisoma taarifa yake, wa pili ukasoma yake, wakaagana.

Siku hiyo hawakuwa na mkalimani wala karani. Walitembea, kisha wakaketi juu ya gogo. Nitze akatoa karatasi alizokuja nazo, zimeshapigwa chapa, wakaanza kuzipitia kipengele kwa kipengele, huku Kvitsinsky akirekebisha hapa na pale. Mvua ikaanza kunyesha, wakahamia ndani ya gari na kuendelea hadi wakamaliza. Kwenye karatasi zile kulikuwa na mapatano kamili: kila upande ubaki na mitambo 75 tu ya kurushia makombora Ulaya, Marekani iachane kabisa na kombora lake la Pershing II, na Wasovieti wasizidishe mitambo 90 ya SS-20 upande wa Asia. Hakuna aliyewatuma kuandika hayo. Waliyaandika kwa sababu waliona wakubwa zao wanaelekea kusikorudika.

Nimeianza habari hii kwenye gogo kwa sababu vitabu vingi huianzia Ikulu, kwa marais. Marais walikuwa na sehemu yao, na nitaifikia. Lakini katika mvutano ule mrefu kati ya Umoja wa Kisovieti na muungano wa kijeshi wa NATO, watu kadhaa wasio marais walithubutu kutumia akili zao pale mfumo ulipowataka wafuate amri tu. Naamini bila wao mambo yangekwenda vibaya.

Chanzo cha mvutano huo kilikuwa gari kubwa la magurudumu mengi. Kuanzia 1976 Moscow ilianza kuweka kombora jipya ambalo NATO waliliita SS-20 na wenyewe Wasovieti wakaliita Pioner. Makombora yaliyotangulia, SS-4 na SS-5, yalikuwa mazee, ya kukaa sehemu moja na yaliyochukua muda kutayarishwa. SS-4 ndilo lililopelekwa Cuba 1962 na nusura lilete vita. Hili jipya lilibebwa na gari, likafichwa msituni, likahamishwa usiku. Lilikuwa na vichwa vitatu vya nyuklia, kila kimoja na shabaha yake, na liliweza kwenda takriban kilomita 5,000. Kutoka ndani ya ardhi ya Kisovieti lingeifikia London, Paris, Rome na Bonn. Washington lisingeifikia.

Hapo ndipo penye fundo la kisa kizima. Usalama wa Ulaya Magharibi ulitegemea ahadi ya Marekani kwamba atakayeishambulia Ulaya atakuwa ameishambulia Marekani. Sasa kukawa na silaha inayoweza kuiteketeza Ulaya bila kuigusa Marekani. Je, rais wa Marekani angekubali New York iungue kwa ajili ya Hamburg? Helmut Schmidt, Kansela wa Ujerumani Magharibi, ndiye aliyelileta suala hili hadharani katika hotuba yake London Oktoba 1977. Januari 1979 akakutana na Jimmy Carter wa Marekani, James Callaghan wa Uingereza na Valéry Giscard d'Estaing wa Ufaransa katika kisiwa cha Guadeloupe, na huko ndiko njia ilikochorwa.

Tarehe 12 Desemba 1979, mjini Brussels, mawaziri wa NATO walipitisha uamuzi wenye sehemu mbili. Kwanza, Marekani iweke Ulaya makombora mapya 572: Pershing II 108, yote Ujerumani Magharibi, na makombora ya kruzi 464 yatakayogawanywa Uingereza, Italia, Ujerumani Magharibi, Ubelgiji na Uholanzi. Pili, wakati huohuo Moscow ialikwe mezani. Ikipunguza SS-20, na NATO itapunguza. Makombora yenyewe yangekuwa tayari baada ya miaka minne hivi, kwa hiyo muda wa kuzungumza ulikuwepo.

Haki inataka tuuseme na upande wa Moscow. Wao walijiona wamebadilisha tu silaha kuukuu kwa mpya. Wakitazama pembeni waliona makombora ya Uingereza na Ufaransa, na ndege na manowari za Marekani zikiwazunguka. Na Pershing II iliwatia hofu ya kweli. Kombora hilo lingetoka Ujerumani Magharibi na kufika ndani ya nchi yao kwa takriban dakika kumi. Wamarekani walisema halina uwezo wa kufika Moscow, Wasovieti hawakuwaamini. Dakika kumi hazitoshi kumwamsha kiongozi mgonjwa, sembuse kumweleza jambo na kusubiri uamuzi wake. Na viongozi wa Kisovieti wa miaka ile walikuwa wagonjwa kweli: Leonid Brezhnev alifariki Novemba 1982, Yuri Andropov Februari 1984, Konstantin Chernenko Machi 1985.

Kwa hiyo kila upande ulinunua silaha ili ulale salama, na kila silaha ikampunguzia mwenzake muda wa kufikiri. Hilo ndilo linalonitia hofu katika kisa hiki kuliko idadi ya vichwa vya nyuklia.

Majuma mawili baada ya uamuzi wa Brussels majeshi ya Kisovieti yaliingia Afghanistan, na hali ya hewa ikachafuka kabisa. Mazungumzo ya Geneva yalianza tarehe 30 Novemba 1981, chini ya rais mpya, Ronald Reagan. Siku chache kabla yake Reagan alikuwa ametangaza pendekezo lililoitwa la sifuri: Wasovieti waharibu makombora yao yote ya aina hiyo, na Marekani haitaweka hata moja. Moscow ililiona kama mtu anayekuambia uuze ng'ombe wako wote naye aahidi kutonunua wake. Hata Washington kwenyewe walikuwapo waliolipenda pendekezo hilo kwa sababu waliamini litakataliwa.

Ndiyo maana Nitze alipanda mlimani. Aliporudi nyumbani na karatasi zake, Wizara ya Ulinzi ilipinga vikali kuiachia Pershing II, na Reagan akasimama na wapingaji. Moscow nayo ikakataa, na Kvitsinsky akaambiwa asirudie mchezo huo. Kwa kipimo chochote mapatano yale yalikuwa ya haki na yenye kutekelezeka. Yalikataliwa na pande zote mbili, na mwaka uliofuata ukawa wa hatari kuliko yote tangu Cuba.

Wakati huo watu wa kawaida walikuwa wameshaingia barabarani. Septemba 1981 kundi la wanawake lilitembea kutoka Cardiff, Wales, hadi kituo cha jeshi la anga cha Greenham Common, Uingereza, kilichochaguliwa kupokea makombora ya kruzi. Walitaka mdahalo na serikali. Hawakupewa, wakapiga kambi langoni. Tarehe 12 Desemba 1982 wanawake wapatao 30,000 walishikana mikono wakauzunguka ua wa kituo, wenye urefu wa kilomita 14 hivi. Kwenye nyaya za ua walitundika nguo za watoto, nepi na picha za jamaa zao. Kambi ile ilidumu miaka 19. Ujerumani Magharibi nako maandamano yalikuwa makubwa: watu kama 300,000 walijaa Bonn Oktoba 1981, na Septemba 1983 mwandishi Heinrich Böll, mshindi wa Tuzo ya Nobel, aliketi chini pamoja na vijana mbele ya kituo cha Mutlangen kuzuia njia.

Wako waliosema, na bado wanasema, kwamba waandamanaji hao walikuwa wakiisaidia Moscow bila kujua. François Mitterrand, rais wa Ufaransa na Msoshalisti, alikumbusha kuwa wapenda amani wako Magharibi ilhali makombora yako Mashariki. Alikuwa na hoja: mama wa Kirusi hakuwa na ruhusa ya kutundika nepi kwenye ua wa kituo cha SS-20. Hata hivyo siwezi kuwalaumu wanawake wa Greenham. Silaha ile ilikuwa inaletwa kando ya nyumba zao, na hakuna aliyewauliza.

Kisha ukaja mwaka 1983. Machi, Reagan aliuita Umoja wa Kisovieti dola la uovu, na majuma mawili baadaye akatangaza mpango wa ngao ya kuzuia makombora kutoka angani. Tarehe 1 Septemba ndege ya kivita ya Kisovieti iliitungua ndege ya abiria ya Korea Kusini iliyopotea njia, na watu wote 269 waliokuwamo wakafa.

Usiku wa tarehe 26 Septemba, Luteni Kanali Stanislav Petrov alikuwa zamu katika kituo cha siri cha Serpukhov-15, kusini mwa Moscow. Kazi yake ilikuwa kusoma taarifa za setilaiti zilizotazama vituo vya makombora vya Marekani. Saa sita za usiku zilikuwa zimeshapita king'ora kilipolia. Kompyuta ilionyesha kombora moja limerushwa. Likafuata la pili, la tatu, la nne, la tano. Utaratibu ulimtaka atoe taarifa juu kwamba nchi inashambuliwa. Petrov alikuwa na simu mkono mmoja na kipaza sauti mkono wa pili, na maofisa chini yake wakimtazama. Akafikiri: anayeanza vita vya nyuklia hapigi makombora matano, hupiga mamia. Tena rada za ardhini hazikuwa zimeona kitu. Akaripoti kuwa mitambo ina hitilafu, akasubiri. Dakika zikapita, hakuna kilichoanguka. Baadaye iligundulika kuwa setilaiti ilidanganywa na mwanga wa jua ulioakisiwa na mawingu ya juu. Petrov hakupewa nishani. Alikaripiwa kwa kutojaza daftari la zamu usiku ule. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba hakuwa na uhakika; alibahatisha nusu kwa nusu.

Mwezi Novemba NATO ilifanya zoezi la makamanda lililoitwa Able Archer, la kuigiza hatua za kupanda hadi kufyatua nyuklia. Majasusi wa Moscow walikuwa tangu 1981 wameagizwa wakusanye dalili za shambulio la ghafla, hadi kuhesabu madirisha yenye taa usiku katika wizara za London. Wakati wa zoezi, baadhi ya ndege za Kisovieti zilizokuwa Ujerumani Mashariki na Poland ziliwekwa katika hali ya tahadhari. Wanahistoria wanabishana hadi leo kama Moscow iliamini kweli kuwa inashambuliwa. Mimi nawaunga mkono wanaosema hofu ilikuwa ya kweli, kwa sababu Oleg Gordievsky, ofisa wa KGB, shirika la ujasusi la Kisovieti, aliyekuwa akiwapasha Waingereza habari, aliwaeleza hivyo, na Reagan aliposikia alishtuka. Tangu Januari 1984 lugha yake kuhusu Moscow ilianza kulainika.

Tarehe 22 Novemba 1983 Bunge la Ujerumani Magharibi lilipiga kura, 286 wakakubali makombora, 226 wakakataa. Chama cha Schmidt mwenyewe kilikuwa kimemgeuka, na ukansela ulikuwa umeshakwenda kwa Helmut Kohl. Sehemu za Pershing zikaanza kuwasili. Kesho yake ujumbe wa Kisovieti uliondoka Geneva. Mazungumzo yakafa.

Katika ukimya uliofuata, sauti moja ilitoka pia Dar es Salaam. Tarehe 22 Mei 1984 viongozi sita, Mwalimu Julius Nyerere, Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Sweden, Miguel de la Madrid wa Mexico, Raúl Alfonsín wa Argentina na Andreas Papandreou wa Ugiriki, walitoa tamko la pamoja wakizitaka nchi zenye nyuklia zisitishe kujaribu, kutengeneza na kuweka silaha hizo. Ugiriki ilikuwa mwanachama wa NATO, kwa hiyo Papandreou alikuwa anasema na ndugu zake wa nyumba moja. Hoja ya sita hao ilikuwa nyepesi kueleweka: vita hivyo vikitokea havitachagua, kwa hiyo wasio na nyuklia nao wana haki ya kusema. Januari 1985 walikutana New Delhi, Gandhi akiwa ameshauawa na mwanawe Rajiv akishika nafasi yake. Palme naye aliuawa Februari 1986. Moscow ilipositisha majaribio yake ya nyuklia Agosti 1985, sita hao waliiomba irefushe, na wakajitolea kusaidia kuhakiki. Sidai kwamba ndio waliomaliza mvutano. Lakini watoto wetu wanafundishwa Vita Baridi kana kwamba Afrika ilikuwa uwanja tu wa kupigania, na tamko lile linastahili ukurasa wake darasani.

Wasikilizaji wa Kiswahili nao walikuwa na nafasi ambayo wengi hawakuwa nayo. Mtu mwenye redio ya mkulima Tabora au Mombasa aliweza jioni moja kuzungusha kitufe akasikia Moscow, Cologne, London na Washington, zote kwa Kiswahili, kila moja na ukweli wake kuhusu mvutano huu.

Machi 1985 Mikhail Gorbachev alishika uongozi akiwa na miaka 54. Novemba alikutana na Reagan Geneva. Katikati ya mkutano wawili hao walitoka wakaenda hadi kwenye kijumba kando ya ziwa, wakaketi mbele ya moto na wakalimani wao tu. Oktoba 1986 wakakutana tena Reykjavik, Iceland, katika nyumba nyeupe iitwayo Höfði, na ndani ya siku mbili wakafika hadi kuzungumzia kufuta silaha zote za nyuklia. Yote yakavunjika kwa sababu ya ile ngao ya angani: Gorbachev alitaka majaribio yake yabaki maabara, Reagan akakataa. Picha za viongozi hao wakitoka usiku ule zinaonyesha nyuso zilizokunjamana.

Kilichofuata ndicho ninachomheshimia Gorbachev kuliko mengine yote. Tarehe 28 Februari 1987 alitangaza kuwa suala la makombora ya masafa ya kati litenganishwe na ngao ya angani, lipatiwe mkataba wake peke yake. Hatimaye akakubali sifuri ile ile ya 1981 ambayo wengine Washington waliipenda wakiamini itakataliwa. Majenerali wake walinung'unika, hasa alipoachia pia kombora jipya la Oka ambalo wao walisema masafa yake hayakufikia kiwango cha mkataba. Kohl naye akaahidi kuyaondoa makombora 72 ya zamani ya Pershing yaliyokuwa mikononi mwa jeshi la Ujerumani.

Tarehe 8 Desemba 1987 Reagan na Gorbachev walitia saini Washington. Mkataba ulipiga marufuku makombora yote ya ardhini ya nchi hizo mbili yenye masafa ya kilomita 500 hadi 5,500. Reagan akarudia methali ya Kirusi aliyoipenda, amini lakini hakikisha, na Gorbachev akamwambia kwamba huirudia kila wanapokutana. Ukumbi ukacheka.

Na kweli walihakikisha. Wakaguzi wa Marekani walihamia Votkinsk, mji wa viwanda ulio kilomita zipatazo elfu moja mashariki ya Moscow, alikozaliwa mtunzi wa muziki Tchaikovsky na ambako SS-20 zilikuwa zikiunganishwa. Wakaguzi wa Kisovieti nao walikwenda Magna, jimbo la Utah, nje ya kiwanda cha injini za Pershing. Walikaa langoni usiku na mchana, baridi na joto. Behewa lolote lenye urefu wa kutosha kubeba kombora lilisimamishwa likakaguliwa kabla ya kutoka. Kazi hiyo iliendelea miaka 13, hadi 2001. Makombora yenyewe yalichomwa, yakalipuliwa, yakakatwakatwa. Hadi Juni 1991 yalikuwa yameharibiwa 2,692: ya Kisovieti 1,846, ya Marekani 846. Vipande vya SS-20 na Pershing II viliunganishwa kuwa sanamu inayosimama hadi leo katika viwanja vya Umoja wa Mataifa, New York.

Nitze alifariki 2004 akiwa na miaka 97. Miaka mitano kabla, mzee huyu aliyeishi kwa kudai silaha zaidi aliandika gazetini kwamba haoni tena sababu ya Marekani kubaki na nyuklia. Kvitsinsky alifariki 2010. Petrov alifariki Mei 2017, na ilichukua miezi dunia kujua.

Mkataba wa 1987 haukudumu sana baada ya hapo. Marekani iliituhumu Urusi kuwa imetengeneza kombora la kruzi linaloukiuka, NATO ikaunga mkono tuhuma hizo. Urusi ikakana, ikanyooshea kidole mitambo ya Marekani iliyoko Romania. Hakukuwa tena na wakaguzi wa kwenda kuangalia nani mkweli, na hakuna aliyepanda mlimani na karatasi mkononi. Tarehe 2 Agosti 2019 mkataba ulikufa. Kabla ya mwezi kwisha Marekani ilikuwa imejaribu kombora la aina iliyokatazwa. Novemba 2024 Urusi iliupiga mji wa Dnipro, Ukraine, kwa kombora jipya la masafa ya kati liitwalo Oreshnik, na Agosti 2025 ikatangaza kuwa haijifungi tena kutoyaweka makombora hayo. Hakuna mkataba mwingine uliochukua nafasi ya ule wa 1987, na langoni Votkinsk hakuna mkaguzi.